Nyumba ya kujipikia kwenye maziwa ya Ireland: Belturbet au Lisnaskea?

Swali la msomaji: Tunaishi Leicester, mimi, mume wangu na watoto wetu watatu wenye miaka 6, 9 na 13, na sote tuna pasipoti za Uingereza. Mama yangu ana miaka 68 na anakuja kututembelea kutoka Tanga kwa viza ya Uingereza. Mwanzoni mwa Agosti tungependa kukodi nyumba ya likizo ya kujipikia kwa wiki moja katika eneo la maziwa la Ireland. Tumeona nyumba mbili: moja iko karibu na Belturbet, kaunti ya Cavan, na nyingine karibu na Lisnaskea, kaunti ya Fermanagh. Ya Belturbet ni nafuu zaidi na picha zake zinavutia. Tunakula halali, watoto wanataka kuvua samaki, na mama anasumbuliwa na magoti. Tuchukue ipi, na tuangalie nini kabla ya kulipa?

Jibu:

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Nitaanza na jawabu lenyewe, kisha nilieleze: chukueni nyumba ya Lisnaskea, hata kama ya Belturbet ina bei nzuri na picha za kupendeza. Sababu yangu ya kwanza haihusu nyumba yoyote kati ya hizo mbili, bali inahusu viza ya mama. Na kwa kuwa mama ndiye mwenye mahitaji mengi kuliko ninyi nyote, nakuomba uipime kila hatua ya safari hii kwa kumtazama yeye: njia ya kufika, ngazi za nyumba, jiko, baridi ya usiku na matembezi. Nyumba itakayomfaa yeye itawafaa wote, lakini nyumba iliyochaguliwa kwa ajili ya watoto peke yao inaweza kumfungia ndani wiki nzima.

Miji hiyo miwili imeachana kwa mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, na maji ya pande zote mbili ni yale yale ya mto Erne. Hata hivyo imo katika nchi mbili. Kisiwa cha Ireland kiligawanywa mwaka 1921. Lisnaskea iko Fermanagh, mojawapo ya kaunti 6 za Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na Belturbet iko Cavan, ndani ya Jamhuri ya Ireland, yenye sheria zake yenyewe za uhamiaji. Viza ya mama ya kutembelea Uingereza inamruhusu kufika England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, lakini haimruhusu kuingia Jamhuri. Mtanzania anahitaji viza ya Ireland yenyewe, na hata viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, isingemsaidia, kwa sababu Ireland haimo katika Schengen. Ninyi wenye pasipoti za Uingereza mnapita bila viza kwa mapatano ya zamani ya eneo la pamoja la kusafiri kati ya nchi hizo mbili, na hapo ndipo familia nyingi zinapoteleza, maana hudhani kwamba ruhusa yao inamfunika pia mgeni waliyempakia kwenye gari.

Mpaka wenyewe nao unapotosha, kwa kuwa ukifika hapo huoni kitu: hakuna kizuizi, hakuna askari, hakuna ofisi ya kugonga muhuri. Barabara ya kutoka Derrylin kwenda Belturbet inavuka mto mdogo wa Woodford pale Aghalane, kwenye daraja lililolipuliwa mwaka 1972 wakati wa machafuko ya Ireland ya Kaskazini. Kwa miaka 27 watu wa pande hizo mbili, waliokuwa wakioana, wakiuziana ng'ombe na kuzikana, walilazimika kuzunguka mbali ili kuonana. Mwaka 1999 lilifunguliwa daraja jipya, likapewa jina la Seneta George Mitchell, Mmarekani aliyesimamia mazungumzo yaliyozaa mkataba wa amani wa 1998. Wenyeji wanalithamini sana daraja hilo, na ninawaelewa. Lakini kwa msafiri asiyejua, kuvuka hapo ni kama kuvuka kalvati la kijijini: kinachobadilika ni vibao vya mwendo, kutoka maili kwenda kilomita, na mstari wa pembeni mwa barabara, ambao upande wa Jamhuri ni wa njano tena wa vipandevipande. Mkiuona mstari huo wa njano na mama yumo garini, tafuteni mahali salama mgeuze.

Nasema hivyo kwa uzito wote. Polisi wa Jamhuri hufanya ukaguzi mara kwa mara katika mabasi na barabara zinazotoka mpakani, na mgeni anayekutwa bila viza anaweza kurudishwa alikotoka, kisha jambo hilo likamfuata katika kila fomu ya viza atakayojaza maishani mwake. Ramani ya simu haina habari na viza ya mtu, kazi yake ni kutafuta njia fupi. Mpaka huu unajipinda kwa namna ambayo barabara moja tu, ile ya kutoka mji wa Clones kwenda mji wa Cavan, inauvuka mara 4 ndani ya kilomita chache. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha gari itazame njia nzima kwenye ramani, na kama inapita Clones, Belturbet, Swanlinbar au Blacklion, chagua nyingine. Hata mtandao wa simu utahamahama karibu na mpaka, mkajikuta mmekaribishwa Ireland kwa ujumbe wa simu huku mmekaa sebuleni Fermanagh. Huo usiwatie hofu.

Kama mama bado yuko Tanga na ninyi mmeipenda mno nyumba ya Belturbet, iko njia halali: mwombeeni viza ya muda mfupi ya Ireland kabla hajaondoka nyumbani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya tarehe ya safari, na msilipe hata amana ya nyumba kabla ya viza kutoka. Lakini kama ameshafika Leicester, au kama safari imekaribia, jambo hilo liacheni.

Njia ya kufika nayo inafuata hesabu ile ile. Feri ya Holyhead hadi Dublin ndiyo inayotangazwa zaidi, na safari za ndege za Dublin ni nyingi, lakini zote zinamteremsha mama mahali ambapo hana ruhusa ya kuingia. Nendeni na gari lenu hadi Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, mpande feri ya Belfast. Inachukua saa 8 hivi, na ile ya usiku ndiyo ninayowashauri, mkalipia chumba chenye vitanda, kwa sababu mtu mwenye magoti mabovu kukaa kitini saa 8 ni adhabu. Njia ya Cairnryan, Scotland, ina safari fupi ya baharini ya saa 2 tu, lakini kutoka Leicester mtaendesha karibu siku nzima kuifikia. Mama abebe pasipoti yake na uthibitisho wa viza mkononi, si ndani ya sanduku lililobaki kwenye gari chini ya meli, maana kampuni za feri hudai kitambulisho chenye picha. Kutoka Belfast hadi Enniskillen ni kilomita 135 hivi, na Lisnaskea iko kusini-mashariki mwa Enniskillen. Gari ni la lazima. Mabasi yapo kati ya miji, lakini nyumba za aina hii hazipo mijini, na bila gari hata chumvi ikiisha mtakosa namna.

Sasa niwaeleze mnakokwenda, kwa sababu ardhi yenyewe itawaeleza mengi kuhusu nyumba. Barafu iliyofunika nchi hii maelfu ya miaka iliyopita iliacha vilima vidogo vya udongo wa mfinyanzi, vingi ajabu, vilivyopangana kama mayai kwenye kikapu. Wataalamu wa miamba duniani kote huviita dramlini, kutokana na neno la Kiairishi lenye maana ya mgongo. Maji ya mvua hayanywewi na udongo huo, hubaki mabondeni, na ndiyo maana Cavan husemwa kuwa ina maziwa 365, moja kwa kila siku ya mwaka, na watu wa Fermanagh husema kwamba nusu ya mwaka maziwa yamo ndani ya Fermanagh, na nusu nyingine Fermanagh imo ndani ya maziwa. Ziwa Erne lina sehemu mbili. Ile ya kaskazini, iitwayo ya Chini kwa kuwa iko upande ambako mto unaelekea, ni pana na yenye kina kirefu, na upepo ukivuma huinua mawimbi ya kweli. Ile ya Juu, iliyo kwenu Lisnaskea, ni maji yaliyotapakaa kati ya visiwa na matete, tulivu zaidi, na kwa familia yenye watoto nadhani ndiyo bora. Barabara huzunguka vilima hivyo, ni nyembamba, na mara nyingi gari moja hulazimika kupisha jingine kwenye lango la shamba. Kilomita 10 si dakika 10. Mtaona dereva mnayepishana naye akiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani: hiyo ni salamu, naye anangoja iitikiwe. Muitikieni.

Nikija kwenye nyumba yenyewe, ombeni kwanza cheti. Katika Ireland ya Kaskazini sheria inamtaka kila anayepangisha malazi kwa watalii, hata nyumba moja nyuma ya zizi lake, awe amekaguliwa na kupewa cheti na Tourism NI, idara ya utalii ya huko. Mwenye nyumba mwaminifu atawatumia nakala yake bila kusitasita. Kisha ulizeni ziwa liko wapi hasa. Mara ya kwanza nilipokodi nyumba huko, tangazo liliahidi mandhari ya ziwa, nasi tulipofika tukaliona ziwa kweli, kupitia dirisha dogo la bafu la ghorofani, ng'ambo ya mashamba matatu. Tangu siku hiyo huomba nionyeshwe nyumba ilipo kwenye ramani kabla ya kutoa pesa. Kwa upande mwingine, nyumba iliyo ukingoni kabisa ina hatari yake kwa mtoto wa miaka 6, na swali la kuuliza ni kama kuna uzio na lango linalofungika kati ya mlango na gati la mashua. Anwani pia iulizieni vizuri. Msimbo mmoja wa posta wa BT92 unaweza kubeba nyumba kadhaa zilizotawanyika, na wenyeji huelekezana kwa majina ya vitongoji vya kale, kwa hiyo pateni alama ya ramani iliyotumwa na mwenyewe.

Kwa ajili ya magoti ya mama, chumba cha kulala na choo chenye mahali pa kuogea viwe chini, pamoja. Nyumba nyingi za zamani zilizokarabatiwa zina chumba kimoja tu chini, na choo kiko juu ya ngazi nyembamba yenye kona. Picha hazionyeshi ngazi. Ulizeni idadi ya vidato, pamoja na kile cha mlango wa mbele, na kama bafu ni la kuingia kwa kunyanyua mguu juu ya ukuta wa beseni au ni la kusimama tu.

Baridi ni jambo ambalo mtu wa Tanga hawezi kulikisia. Agosti ni kiangazi, na mchana joto hufika nyuzi 18 au 19, lakini usiku hushuka hadi 10 au 11, na siku ya mvua unyevu huingia hadi kwenye shuka. Sehemu kubwa ya nyumba za mashambani huko hupashwa joto kwa mafuta ya taa yaliyo kwenye tangi la plastiki la kijani nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza zungukeni nyuma mlitazame: pembeni lina kipimo au ukanda mwangavu unaoonyesha mafuta yalipofika. Yakiwa chini, mpigieni mwenye nyumba siku hiyo hiyo, msingoje Jumapili usiku. Na kabla ya kukodi ulizeni kama mafuta na umeme vimo ndani ya kodi au vinasomwa kwenye mita na kulipwa mnapoondoka, kwa sababu hapo ndipo nyumba ya bei nafuu huacha kuwa nafuu. Ulizeni vivyo hivyo kuhusu shuka, taulo na usafi wa mwisho. Sebuleni huenda mkakuta jiko la chuma la kuni au la mboji iliyokaushwa, ile inayokatwa kama matofali kutoka kwenye ardhi ya kinamasi. Moshi wake una harufu tamu, na mama atapenda kukaa karibu nalo. Ila hakikisheni chumba hicho kina king'ora cha kaboni monoksidi, gesi isiyonuka wala kuonekana, na kibonyezeni kitufe chake mkisikie kikilia kabla ya kuwasha moto wa kwanza.

Sasa jikoni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kujipikia ndiko mnakokulipia. Jiko mtakalolikuta aghalabu ni la umeme, la kioo tambarare. Karai la chini mviringo halikai juu yake na halipati moto, basi leteni kikaango kizito cha chini bapa kwa ajili ya chapati, pamoja na sufuria yenu kubwa. Sufuria za nyumba za likizo ni za kupikia viazi vya watu wanne, si pilau ya watu sita. Bizari, iliki, mdalasini na mchele mnaoupenda bebeni kutoka Leicester. Tui la kopo, nyanya, vitunguu, maziwa na siagi vipo madukani, na siagi ya Fermanagh, kwenye malisho yale, ni nzuri kweli. Unga nao upo, na mama akitaka kujaribu kitu cha wenyeji, mkate wao wa soda hauhitaji hamira: ni unga, magadi ya kuokea, chumvi na mtindi mwepesi, ukandwe upesi na kuingizwa ovenini. Yuko pia ndugu wa mkate huo aitwaye boksti, kitu kama chapati nene ya viazi vibichi vilivyokwaruzwa na kuchanganywa na viazi vilivyopondwa, na hakuna kilicho haramu ndani yake.

Nyama ya halali ndiyo inayotaka mpango. Lisnaskea ni mji mdogo, msitegemee kuipata hapo. Belfast kuna maduka yake, hasa kusini mwa mji upande wa chuo kikuu, nanyi mtakuwa mnapita. Pigeni simu siku chache kabla, mwagize kuku na nyama ya wiki nzima, iwe imekatwa na kugandishwa, na muwe na sanduku la barafu garini. Kabla ya hapo mwandikieni mwenye nyumba kwa upole kwamba hamli nguruwe wala hamnywi pombe. Ukarimu wa watu wa huko ni wa kweli, na mwenye nyumba mara nyingi humwachia mgeni kapu la makaribisho mezani: mkate, mayai, jemu, na pia soseji, bekoni ambayo Fermanagh inajivunia, au chupa ya divai. Akijua mapema atafurahi kuwawekea kitu mnachokula, na ninyi hamtaanza wiki kwa aibu ya kumrudishia zawadi.

Jambo jingine la jikoni ambalo hakuna tangazo litakalowaambia: maji machafu ya nyumba za mashambani hayaendi kwenye bomba la mji, huenda kwenye shimo lililo bustanini. Mafuta ya kukaangia sambusa au samli iliyobaki kwenye sufuria ikimwagwa kwenye sinki huganda ndani ya bomba baridi kabla ya kufika mbali. Nimewahi kumwona fundi akitoa kutoka kwenye bomba la namna hiyo kipande cheupe kama mshumaa, kirefu kama mkono, siku ya tatu ya likizo ya familia moja, nao walikuwa wakitembea kwenda kwa jirani kuomba choo. Yaacheni mafuta yapoe, yamimineni kwenye kopo na kulitupa na takataka. Na mkikaanga, fungueni dirisha na mfunge mlango wa jikoni, maana ving'ora vya moshi vya nyumba hizi ni vikali.

Kwa uvuvi, watoto watafurahi, ila Fermanagh ina masharti. Mvuvi wa ndoano huhitaji leseni ya fimbo pamoja na kibali cha maji anayovua, na masharti hutofautiana kwa umri na kwa aina ya samaki. Vyote hupatikana kwa mtandao au katika maduka ya vifaa vya uvuvi, na muuzaji atawaeleza mtoto yupi anahitaji nini na samaki gani wanaruhusiwa kuchukuliwa. Katika Ziwa la Juu watapata zaidi roachi, brimu na perki, samaki wasiohitaji ufundi mkubwa. Huenda akanasa pia paiki, samaki mrefu mwenye mdomo bapa kama wa bata na meno yaliyoelekea ndani. Mtoto asimtoe ndoano kwa vidole, iwe ni koleo na mtu mzima. Sheria zikiwaruhusu kumchukua mmoja mdogo, mfikisheni kwa mama. Ana miiba ya ubavuni iliyochanika kama herufi Y, lakini mtu aliyezoea kuwapara samaki wenye miiba atajua la kufanya, na nyama yake nyeupe inashika tui vizuri.

Watoto wasiingie majini pekupeku. Mwaka 1996 waligunduliwa katika Ziwa Erne kome wadogo wenye milia, wageni waliokuja wameng'ang'ania mashua, na sasa wamejaa kwenye mawe na nguzo za magati. Makombe yao hukata unyayo kama wembe. Kwa sababu ya kome hao kila kifaa kilichoingia ziwani hukaushwa kabla ya kupelekwa ziwa jingine, nanyi fanyeni hivyo kwa nyavu na mabuti ya watoto. Mkikuta maji yana utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, au tangazo la tahadhari limebandikwa, hakuna kuoga siku hiyo. Kwenye mashua kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea, kwa kuwa maji ya huko ni baridi kuliko bahari yoyote ambayo mama amewahi kuingia, na baridi hiyo humkata mtu pumzi kabla hajapiga mkono wa pili. Jioni isiyo na upepo visubi hutoka matetani. Hawana malaria, lakini wanauma, hivyo mikono mirefu itawafaa.

Matembezi yasiwe mengi. Kuna mapango ya Marble Arch na njia ya mbao inayopanda mlima Cuilcagh, ambayo mtaonyeshwa kila mahali, nayo ni mazuri, lakini yote mawili yana ngazi nyingi. Baba awapeleke wakubwa wawili asubuhi moja. Mama mpelekeni Florence Court, penye jumba la kale na bustani, na humo msituni kuna mti mmoja mzee ambao ndio chimbuko la miti yote ya myuu ya Kiairishi inayosimama wima makaburini na bustanini duniani: yote ilizaliwa kwa vipandikizi vyake na vya uzao wake. Ulizeni langoni kama njia ya kuufikia itamfaa. Siku nyingine pandeni mashua ya wageni kutoka Enniskillen, mji uliojengwa juu ya kisiwa kati ya maziwa mawili, hadi kisiwa cha Devenish, penye magofu ya monasteri ya karne ya 6 na mnara mviringo wa karne ya 12. Mtoto wenu wa miaka 13 kama anapenda habari za vita, Castle Archdale kwenye Ziwa la Chini ndiko ilikoruka ndege ya majini aina ya Catalina iliyoiona manowari ya Kijerumani Bismarck tarehe 26 Mei 1941. Belleek pana kiwanda cha vyombo vya kaure cha tangu 1857 na kimo ndani ya Fermanagh, lakini mpaka uko hatua chache tu kutoka hapo, kwa hiyo mkimaliza rudini kwa njia mliyoijia.

Siku nyingine zote nyumba itoshe. Mvua itanyesha, pengine siku 3 kati ya 7, na kwa hiyo mnapolinganisha nyumba tazameni kama sebule inawatosha watu sita bila kubanana, na kama dirisha lake linaangalia maji. Mwanzoni mwa Agosti jua huzama karibu saa 3 na robo usiku, hivyo mtaswali Magharibi wakati ambao mdogo wenu alipaswa awe amelala zamani. Mapazia mazito ya vyumbani yaulizieni pia. Dawa za mama za wiki nzima na za siku kadhaa za ziada ziwe ndani ya mkoba wake. Hospitali kubwa ya karibu ni South West Acute Hospital iliyoko Enniskillen, na kwa kuwa mgeni wa viza anaweza kudaiwa gharama akilazwa, mkatieni bima ya safari inayotaja maradhi aliyonayo.

Nyumba za mwezi Agosti hupangishwa zaidi Jumamosi hadi Jumamosi, mgeni akiingia saa 10 jioni na kutoka saa 4 asubuhi, kwa hiyo feri ya usiku wa Ijumaa itawafikisha Belfast asubuhi mkiwa na muda wa kununua nyama na kupumzika njiani. Mwandikieni mwenye nyumba wa Lisnaskea wiki hii, mkimwuliza cheti, alama ya ramani, chumba cha chini, vidato, mafuta ya joto na uzio wa ziwa, na msilipe amana kabla ya majibu yote sita kufika kwa maandishi. Ikiwa imeshachukuliwa, tafuteni nyingine upande wa Derrylin, Bellanaleck au Newtownbutler, ambako kote ni Fermanagh, kabla ya kuirudia ile ya Belturbet.